Kuacha Barabara Kuu: Safari za Kutafuta Habari za Wazee

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimetakiwa na Kamati niseme nanyi jioni hii juu ya safari. Si vigumu kusema habari za safari mbele ya watumishi wa Serikali, maana ni watu wachache wasafirio kama sisi. Leo karani yuko Tanga, kesho ana barua ya uhamisho ya kwenda Songea. Mwalimu aliyezaliwa Bukoba huzeekea Lindi. Bwana shamba na tabibu hufunga mizigo yao mara nyingi hata watoto wao hawajui wajiite wenyeji wa wapi. Lakini kusafiri ni jambo moja, na kuijua nchi ni jambo jingine. Wengi wetu twapita katika nchi kama barua ipitavyo katika posta: hutoka huku ikafika huko, imepigwa mihuri mingi, wala haijui hata mji mmoja katika ile iliyopita.

Neno langu ni hili. Mtumishi asiyejua hadithi za watu anaowatumikia huifanya kazi yake gizani, na hadithi hizo hazikai kando ya barabara kuu. Yampasa aache barabara, ashike njia ya miguu, akae kitako, asikilize. Nisije nikasema maneno ya juu juu, nitachukua nchi moja tu iwe mfano wetu, nayo ni Usambara, milima iliyo katika Mkoa wa Tanga.

Atokaye Tanga kwenda Moshi hupita chini ya milima hiyo, nayo huwa mkono wake wa kuume. Reli ilifika Mombo mwaka 1905, na tangu hapo wasafiri wasiohesabika wameitazama milima kwa dirishani tu. Hata wapandao kutoka Mombo kwenda Lushoto, mwendo wa kilomita zaidi ya 30 kwa barabara ya kupindapinda, wengi wao hufika mjini, hutazama nyika ilivyotandaa chini ya Irente, hupiga picha, hununua matunda, wakateremka. Wakiulizwa, husema, “Usambara nimefika.” Kweli wamefika, lakini hawakuingia. Lushoto ni mji uliojengwa na Wadachi kwa ajili ya utawala wao, nao waliuita Wilhelmsthal. Atakaye moyo wa habari za Washambaa heri ashuke garini Soni, aiache barabara ya Lushoto, ashike njia za upande wa Vugha na Bumbuli.

Vugha, ambayo katika ramani nyingi imeandikwa Vuga, ndiyo iliyokuwa makao ya wafalme wa Usambara. Huko ndiko alikofika Krapf, mmisionari, mwaka 1848 na tena mwaka 1852, akaonana na mfalme Kimweri ye Nyumbai, ambaye nguvu zake zilijulikana toka milimani mpaka pwani. Burton na Speke nao walifika mwaka 1857. Msafiri wa leo haoni huko ngome wala kasri. Huona migomba, mashamba ya mahindi, nyumba, shule na watoto wamsalimuo. Basi aweza kurudi akasema hakuna kitu. Lakini kitu kiko, ila hakionekani kwa macho. Husikiwa kwa masikio.

Kisikiwacho ni habari ya Mbegha. Nitaieleza kwa ufupi, maana kuieleza yote ni kazi ya wazee wenyewe. Mbegha alitoka Nguu, milima iliyo kusini, katika nchi ambayo leo ni Wilaya ya Kilindi. Alikuwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza, na zamani watu waliogopa kigego wakamhesabu kuwa nuksi. Ndugu zake walimkatalia urithi, wakamchukia, naye akatoka kwao na mbwa wake na silaha zake za kuwindia, akawa mtu wa mwituni, kazi yake kuua nguruwe. Akaja mpaka Usambara, akawapa wenyeji nyama, nao wakampa chakula cha mashambani. Nguruwe waliokuwa wakiharibu mazao akawaua. Watu waliokuwa wakigombana akawaamua. Huko Vugha usiku mmoja akaua simba, na watu wakamfanya mfalme wao, wakampa jina la Simba Mwene. Kizazi chake ndicho kinachoitwa Wakilindi.

Mtu aweza kusema, “Habari hii nimekwisha kuisoma, kwa nini nipande mlima?” Ni kweli imeandikwa, tena imeandikwa vizuri. Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, aliyekaa na watawala wa Usambara na baadaye akawa Liwali wa Tanga, aliandika Habari za Wakilindi, na kitabu hicho kilipigwa chapa kwa sehemu sehemu kati ya mwaka 1895 na mwaka 1907. Ni fahari kwetu kwamba kitabu kikubwa namna hiyo cha historia kiliandikwa kwa Kiswahili na mtu aliyekuwa, kama sisi, mtumishi wa utawala. Asiyekisoma na akisome. Lakini kitabu hakimalizi kazi, na sababu nitazieleza.

Sababu ya kwanza ni kwamba nchi yenyewe ni sehemu ya hadithi. Twasoma kwamba Mbegha alizaa mwana aitwaye Buge na mke wa Bumbuli, na Buge akamrithi baba yake. Maneno hayo kitabuni ni mstari mmoja. Lakini kwa desturi ya Wakilindi mrithi wa ufalme alikuwa akitawala Bumbuli kwanza, na mfalme alipokufa Vugha, mrithi alichukuliwa usiku kupelekwa Vugha akatawazwe. Mtu aendaye kwa miguu toka Bumbuli mpaka Vugha, akapanda na kushuka mabonde yale, akaona jinsi ukungu unavyofunika njia, huelewa kwa magoti yake kwa nini safari hiyo ilikuwa ya siri na ya hofu. Vilevile, Washambaa huita nchi yao ya mlimani Shambaai, na ile ya chini huiita nyika. Asimamaye Mtae, ukingoni kabisa mwa mlima, akaitazama nyika kavu iliyo chini, ndiye ajuaye kwamba majina hayo si ya mahali tu. Ni namna mbili za kuishi: huku mvua na migomba, kule jua na ng’ombe. Naye Mbegha alikuwa mtu wa mwituni aliyeingia Shambaai akawa baba wa watu.

Sababu ya pili, iliyo kubwa zaidi, ni kwamba hadithi moja ina wenyewe wengi. Kitabu kimeandikwa na mtu aliyejuana na watawala, na jina lake ni habari za Wakilindi. Lakini Vugha zilikuwako koo kabla ya Mbegha, kama Wanango, nazo zina kumbukumbu zake. Teremka upande wa mashariki mpaka Bondei, karibu na Muheza, na huko utasikia habari za Wakilindi wale wale zikiishia pengine. Wabondei husimulia Kiva, yaani vita walivyowafukuza Wakilindi katika nchi yao, katika miaka iliyofuata kufa kwake Kimweri mnamo mwaka 1862. Mfalme wa Vugha huko si Simba Mwene aletaye mvua. Ni mzigo ulioshushwa. Panda tena mlimani, uende kwenye malisho wakaako Wambugu, watu wa ng’ombe, na huko utasikia hadithi ya tatu. Wao husema walitoka mbali sana kaskazini, katika nchi waitajayo kwa jina lifananalo na Laikipia. Nao wana lugha iwastaajabishayo wanachuo mpaka leo, maana jinsi ya kuunga maneno ni ya Kibantu, kama Kipare na Kishambaa, na maneno yenyewe mengi ni ya asili ya Kikushi. Katika milima hiyo hiyo, ambayo mtu wa garini huipita kwa saa moja, mna habari tatu za asili, na kila moja ina watu wanaosimama juu yake.

Nasema wanaosimama juu yake kwa sababu hadithi ya nani alifika kwanza si mchezo wa watoto. Kwa watu wengi wa nchi yetu ndiyo hati ya shamba, ndiyo shahada ya ukoo, ndiyo sababu ya mtu huyu kuheshimiwa penye kikao na yule kunyamaza. Mtumishi aliyesikia habari kwa mtu mmoja tu, akaiandika katika taarifa yake kuwa “mila ya wenyeji”, huenda amewapa wengine haki isiyo yao na kuwanyang’anya wengine haki yao, kwa kalamu tu, wala hana habari.

Sasa, ndugu zangu, nifike penye jambo lenyewe litugusalo sisi. Washambaa wana maneno mawili: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu nchi. Shi hiyo si udongo peke yake. Nchi iliyopona ni nchi yenye mvua kwa wakati wake, yenye chakula, yenye watoto, yenye mtawala mmoja mwenye nguvu asiyeshindana na mwingine. Nguvu ikipambana na nguvu, nchi huharibika na njaa huja. Ndivyo walivyowapima wafalme wao. Mwanachuo Mmarekani, Steven Feierman, aliyekaa na wazee wa Usambara katika miaka ya 1960, ameeleza maneno hayo kwa urefu katika vitabu alivyovitoa mwaka 1974 na mwaka 1990, naye aliyapata kwa kuketi na wazee vijijini.

Mwaka 1946 Serikali ya Kiingereza ilianzisha katika bonde la Mlalo mpango wa kuuokoa udongo, na baadaye mpango huo ulienezwa mahali pengine Usambara. Wakulima waliamriwa kulima matuta katika miteremko ili mvua isichukue udongo. Waliobuni mpango hawakuwa watu wabaya. Udongo ulikuwa ukienda kweli, na walijua sana mambo ya mchanga na maji. Lakini waliona udongo, hawakuona shi. Kazi ya matuta ilikuwa nzito, hasa kwa akina mama; mashamba yalikuwa madogo; na walioasi amri walishitakiwa. Watu waliuliza swali ambalo halikuwa katika karatasi za bwana shamba: aamuruye hivi, je, aiponya nchi au aiharibu? Wakajibu wenyewe kwamba aiharibu. Upinzani ulienea, siasa ya kutafuta uhuru ikautia nguvu, na mpango ukaachwa kabla ya uhuru wa mwaka 1961.

Sisemi kwamba kama maofisa wale wangaliijua habari ya Mbegha matuta yangalikuwa mepesi. Jembe ni jembe. Lakini wangaliweza kujua kwamba wameingia katika mazungumzo yaliyoanza zamani kabla yao, juu ya nani ana haki ya kuiamuru ardhi na kwa manufaa ya nani. Wangaliuliza kwanza. Na hilo si jambo la Waingereza peke yao. Hata sisi, wana wa nchi hii, twaweza kwenda na mpango mzuri wa maji, wa msitu au wa afya, tukakataliwa, tukarudi ofisini tukaandika kwamba watu ni wagumu kuelewa. Asiyeambiwa maana huenda ni sisi.

Basi atakaye kusafiri namna hii na afanyeje? Nitataja mambo machache.

Kwanza, atumie likizo yake, asiende kwa kazi ya ofisi. Mtu ashukaye katika gari la Serikali akauliza majina ya koo na mipaka ya mashamba, wazee humjibu kama wamjibuvyo mtoza kodi, nao wana haki. Aende kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji, ajitambulishe, aeleze nia yake waziwazi, ndipo apelekwe kwa wazee.

Pili, ajifunze salamu za mahali kabla ya maswali. Usambara, mzee ukimwita Mghosi kwa heshima, umekwisha fungua nusu ya mlango. Anayeanza na kalamu hufunga mlango ule alioubisha.

Tatu, asiulize siku ya kwanza. Aende gulioni, aone nani ameleta nini toka bonde gani; akae barazani; awasaidie waliomkaribisha kazi iliyo mbele yao. Wazee hawatoi hadithi kama duka litoavyo sukari. Zamani habari ya Mbegha ilisimuliwa usiku penye moto, watoto wakisikiliza, na mpaka leo neno zuri hupenda kungojea jioni.

Nne, asiridhike na msimuliaji mmoja. Amsikie mzee wa ukoo wa kitawala, kisha amsikie mtu wa kawaida. Amsikie mwanamume, kisha amsikie bibi, maana wanawake wana hadithi na nyimbo ambazo wanaume hawakuzishika. Wakihitilafiana, asiwapatanishe. Aandike yote mawili, na kila neno aliandikie nani amelisema, wapi, na siku gani. Hitilafu ndiyo mali. Mwenye kuisawazisha ameitupa.

Tano, aandike maneno ya lugha yenyewe kama yalivyotamkwa, kisha aandike maana yake kwa Kiswahili. Kama angaliandika “kuhifadhi udongo” mahali pa kuzifya shi, neno lenye uhai lingekufa karatasini. Simu zetu za siku hizi zaweza kunasa sauti, na ni msaada mkubwa. Lakini aombe ruhusa kwanza, na akikataliwa aiweke mfukoni.

Sita, yako mambo yasiyofaa kuulizwa. Mahali pa matambiko si mahali pa kutalii, na kitu kilichowekwa pale hakichukuliwi, hata kiwe kigae. Akiambiwa, “Hapa tusiseme,” na aseme ahsante. Kuijua siri ya mwenzio bila ridhaa yake si elimu, ni wizi.

Saba, arudishe. Alichokiandika akisome mbele ya waliosimulia, wakisahihishe, kisha aache nakala moja kijijini, kwa wazee au katika shule. Wamekuja wengi kuchukua habari za babu zetu, wakazipeleka mbali, na wajukuu huzitafuta kwa taabu katika vitabu vya lugha za ugenini.

Mtu asiseme kwamba kazi hii si ya makarani. Nimekwisha kumtaja Liwali wa Tanga. Martin Kayamba, aliyeasisi chama cha watumishi Waafrika mjini Tanga mwaka 1922, alikwenda Uingereza mwaka 1931 akawaandikia wenzake aliyoyaona huko. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu mwaka 1926 na baadaye wa idara nyingine, akihamishwa kama tuhamishwavyo sisi. Na katika vitabu vyake mna wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyefariki mwaka 1950, ambao bila yeye tungalijua machache mno katika maisha ya mwanamke yule. Hao hawakungojea kuitwa wanachuo. Walikuwa na macho, masikio, kalamu, na saa za baada ya kazi.

Tena wakati hautungoji. Utawala wa machifu ulifutwa katika Tanganyika mwaka 1963. Mtu aliyeuona ukitenda kazi Vugha akiwa kijana wa miaka 20, leo amepita umri wa miaka 80. Wajukuu wake wako Dar es Salaam na Arusha kutafuta maisha, na jioni za waliobaki zina redio na simu. Habari za Wakilindi zimo kitabuni, hazitapotea. Zilizo hatarini ni zile nyingine: za Wanango, za Wambugu, za mabibi, za watu ambao hakuna Liwali aliyewaandikia.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naweka mbele ya mkutano shauri moja dogo. Kila mwanachama, popote alipo kazini, achukue daftari moja kila mwaka, na katika likizo yake atoe siku saba tu kwa kijiji kisicho kwao na kisicho kando ya barabara kuu. Alete habari alizopewa kwa ruhusa, zipigwe chapa katika gazeti letu, na nakala ipelekwe pale zilipotoka. Hatuhitaji fedha nyingi: nauli, daftari, na viatu vya kupandia mlima.

Wazee wetu walisema tembea uone. Nami naomba niongeze neno moja: na ukishaona, keti usikie.